Kompyuta ya nyumbani inajizima yenyewe, imepigwa Windows upya lakini tatizo liko palepale

MwalimuWaNgamiani

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada wenu.

Nina kompyuta ya mezani hapa nyumbani, mtumba wa Ulaya. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 8 (vipande viwili vya GB 4), hadidiski GB 500, Windows 10. Nipo Tanga mjini. Naitumia kutungia mitihani, kuandikia maandalio ya somo na ripoti za wanafunzi muhula ukiisha, na wanangu wanaisomea wakitoka shule.

Shida yake ni kwamba inakufa katikati ya kazi. Mara nyingine inakuja skrini ya bluu yenye ule uso wa huzuni, maandishi yanapita upesi, inajiwasha upya kabla sijasoma kitu. Mara nyingine haileti bluu wala onyo lolote, inazima tu pa! na feni inasimama.

Juzi nilikuwa natunga mtihani wa Hisabati wa Darasa la Sita. Kuna swali la shamba lenye umbo la trapeza, na mchoro nilikuwa nauchora kwa kipanya mstari kwa mstari. Nikiwa naandika vipimo vya pembeni, ikazima. Nilipoiwasha, Word ikanirudishia maswali ya mwanzo tu, mchoro mzima umepotea na mtihani unatakiwa ofisini asubuhi.

Fundi wa hapa mjini aliipiga Windows upya, ikatulia kidogo, ikarudia. Akapiga tena, hali ikawa ileile. Sasa ananiambia mazabodi (bodi kuu ya ndani) imekufa, nitafute kompyuta nyingine. Uwezo huo kwa sasa sina, halafu kuna jambo halinikai akilini: Jumamosi naweza kufanya kazi asubuhi yote mpaka adhuhuri bila shida. Mazabodi iliyokufa inafanya kazi hivyo?

Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

---

Dogo_Makorora

Pole sana mwalimu. Hapo ni virusi au madereva (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) yamegongana. Achana na Windows 10, imeshapitwa, msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Weka Windows 11 safi, formati hadidiski yote, utaona inatulia. Ya kwangu ilitulia hivyohivyo.

---

Mzee wa Solda

Mwalimu, pole na kazi. Kabla ya neno lolote: chukua flashi sasa hivi, nakili mitihani, ripoti na picha za watoto. Kompyuta inayozima ovyo inaweza kuharibu faili wakati wowote ikiwa katikati ya kuandika kwenye hadidiski. Ukishanakili, ichomoe flashi uiweke kabatini, ndipo uendelee kunisoma.

Dogo, nakuelewa, lakini mashine hii imeshapigwa Windows mara mbili na ugonjwa umerudi na Windows mpya. Hapo programu imeshatoka kwenye orodha ya watuhumiwa wa kwanza, na kinachotafutwa ni chuma au umeme. Halafu Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Hii ni ya kizazi cha tatu. Kuna njia za kuilazimisha, ila kumlazimishia mtu mfumo mpya kwenye mashine ambayo haijajulikana inaumwa nini ni kumwongezea mzigo.

Sasa mwalimu, wewe mwenyewe umeandika jambo la maana sana, sijui kama umeliona. Umesema wakati mwingine inakufa kwa skrini ya bluu, wakati mwingine inazima tu kimya. Hivyo ni vifo viwili tofauti. Skrini ya bluu maana yake Windows ilikuwa hai, ikaona jambo lisilowezekana ndani ya kumbukumbu au kwenye dereva, ikaamua kusimama yenyewe. Kuzima pa! maana yake Windows haikupata nafasi hata ya kusema kwaheri, umeme ulikatika chini yake, ama ukutani ama ndani ya pawa saplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme kwa kompyuta. Joto nalo huzima hivyo, prosesa ikivuka kiwango chake mashine inajikata ili isiungue. Mafundi wengi wanapokea malalamiko haya yote kwa jina moja la "inajizima", wanatafuta ugonjwa mmoja, wakiukosa wanaisingizia mazabodi. Nimeshapokea kompyuta nyingi zilizohukumiwa hivyo ambazo mazabodi yake ilikuwa nzima kabisa.

Kwa hiyo usinunue chochote kwanza. Fanya haya:

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kwenye Startup and Recovery bonyeza Settings, halafu ondoa tiki kwenye Automatically restart. Kuanzia hapo skrini ya bluu ikija itakaa hapohapo. Ipige picha kwa simu. Chini kuna maneno kwa herufi kubwa yenye vistari vya chini, hayo ndiyo nayataka.

Kisha Windows na R tena, andika eventvwr, itafunguka Event Viewer, daftari la matukio la Windows. Fungua Windows Logs, halafu System. Tafuta mistari yenye alama nyekundu iliyoandikwa Kernel-Power, namba 41. Namba hiyo peke yake haikuambii ugonjwa, inasema tu "mashine iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri". Ila ukiubonyeza mstari na kuingia Details, utaona neno BugcheckCode na namba mbele yake. Ikiwa 0, Windows haikuandika kosa lolote, kwa kawaida umeme ulikatika au mashine iliganda kabisa. Ikiwa namba nyingine, hiyo ilikuwa skrini ya bluu hata kama hukuiona. Andika kwenye daftari: tarehe, saa, namba. Saa usiache, nina sababu.

Pakua CrystalDiskInfo uniambie hadidiski inasoma Good au Caution. Ikiwa Caution, usiendeshe chkdsk (ukaguzi wa diski wa Windows) wala kitu chochote cha kuihangaisha. Pakua na HWiNFO, uangalie joto la prosesa baada ya nusu saa ya kazi.

Na kwenye Word, ingia File, Options, Save. AutoRecover ya kawaida inahifadhi kila baada ya dakika 10. Iweke dakika 1. Haitaponya mashine, ila mchoro wako mwingine hautapotea wote.

Niletee daftari hilo.

---

MwalimuWaNgamiani

Mzee wangu, Mungu akubariki. Nimekaa na daftari kama ulivyoelekeza, nimerudi nyuma kwenye kumbukumbu za Event Viewer mpaka zilipoishia.

Hadidiski inasoma Good. Joto la prosesa nikiwa na Word na Chrome yenye video ya mwanangu linacheza kwenye nyuzi 55 hadi 60. Feni niliipuliza vumbi.

Hizo 41 zipo nyingi. Zenye BugcheckCode 0 zimenishangaza: karibu zote ni kati ya saa moja na saa nne usiku. Hakuna hata moja ya asubuhi. Zenye namba nyingine hazina saa maalumu, zinakuja mchana, jioni, wakati wowote, na namba hazifanani: 26, 80, 10, kisha 26 tena.

Skrini ya bluu nimeipiga picha leo mchana. Imeandika MEMORY_MANAGEMENT. Ya jana ilikuwa IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL.

Jambo lingine sijui kama linahusu: kompyuta ipo sebuleni, inatumia ekstensheni moja na friji na televisheni. Televisheni haijawahi kuzima hata siku moja.

---

Mzee wa Solda

Mwalimu, umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi. Friji ameshaliona mtu mmoja hapa jukwaani ambaye umeme ndiyo kazi yake, nimemwomba aandike. Mimi nianze na skrini ya bluu.

Zile namba kwenye Details zimeandikwa kwa hesabu ya kawaida ya kumi, wakati orodha za makosa ya Windows zinatumia hesabu ya kumi na sita, ambayo huanza na alama ya 0x. Ukizigeuza, 26 ni 0x1A, ambayo ndiyo MEMORY_MANAGEMENT. 80 ni 0x50, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. 10 ni 0xA, IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Watu huzitafuta mtandaoni bila kuzigeuza, wanaangukia majibu ya kosa jingine kabisa.

Dereva mbovu mara nyingi hurudia kosa lilelile na hutaja faili lilelile. Makosa yakibadilikabadilika namna hii, na yote yanazungukia kumbukumbu, jicho langu linakwenda kwenye RAM. Kipande cha RAM chenye chembe chache zilizokufa hakisumbui kila wakati. Leo Windows inaweka pale rangi ya picha, hakuna anayejua. Kesho inaweka pale anwani ya dereva, mashine inaanguka. Ndiyo maana Windows mpya ilikutuliza kidogo: vitu vilipangwa upya, chembe mbovu zikawa hazina mtu wa maana.

Uko Tanga, hewa ya bahari. Kabla ya kuilaumu RAM yenyewe, tuisafishe. Zima, chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia uhesabu mpaka kumi ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu. Gusa bati la kasha kwa kiganja kabla hujagusa kitu kingine, umeme tuli wa mwilini unaua RAM bila hata cheche kuonekana. Bana vile vibanio vya pembeni, RAM itanyanyuka yenyewe. Chukua ufutio safi wa penseli, mweupe, usugue taratibu zile pini za rangi ya dhahabu pande zote mbili. Ukungu mweusi utahamia kwenye ufutio, utauona. Futa makombo kwa kitambaa kikavu, usipulize kwa mdomo, mate ni chumvi nyingine.

Kisha pakua Memtest86+, ile yenye alama ya kujumlisha mwishoni, inafanya kazi hata kwenye mashine za zamani. Iweke kwenye flashi tupu, si ile uliyonakilia mitihani, kwa sababu kuitengeneza kunafuta kila kitu kilichomo. Weka kipande kimoja tu cha RAM, washa kwa flashi hiyo, uiache ifanye kazi asubuhi hadi jioni. Asubuhi nimeisema kwa makusudi, usiku umeme wako hauaminiki. Kisha kipande cha pili, kwenye tundu lilelile.

Kosa moja tu jekundu linatosha kuhukumu, RAM haina alama ya kufaulu kwa asilimia tisini. Lakini likitokea kosa, usikitupe kipande hapohapo. Kihamishie tundu la pili upime tena. Kosa likihama nacho, kipande kimekufa. Kosa likibaki kwenye tundu hata ukiweka kipande kingine, hapo ndipo tutazungumza habari za mazabodi.

---

Waya Mbili

Mwalimu shikamoo, mimi ni fundi umeme, nimeombwa na mzee hapo juu.

Saa moja hadi saa nne usiku mtaa mzima umewasha taa, mapasi, majiko na feni. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 230, lakini mwisho wa laini saa hizo unaweza kushuka vibaya. Angalia karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai ya kompyuta, nyuma au ubavuni, neno Input. Ikiandikwa 100-240V inavumilia sana umeme mdogo. Ikiandikwa 200-240V, ukishuka chini ya 200 unakuwa nje ya kipimo chake. Televisheni nyingi za sasa zinakubali kuanzia 100, hivyo kwamba yako haizimi haituambii kuwa umeme ni mzima.

Halafu friji. Kompresa ikianza inavuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja, mara kadhaa ya unaovuta ikishazunguka. Kwenye ekstensheni nyembamba volti zinaporomoka hapohapo. Umeme wetu ni hezi 50, mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Pawa saplai nzuri ikibeba mzigo wake wote inatarajiwa kujishikilia umeme ukikosekana kwa takriban milisekunde 16. Hiyo ni mpya. Kapasita, vile vihifadhi umeme vya ndani yake, zinakauka kwa joto na umri, na ya mtumba imeshafanya kazi miaka ofisini Ulaya kabla hujaipata, kwa hiyo uwezo wake umepungua. Mwanya ambao taa inaonyesha kwa kufifia kidogo tu, kwake ni giza.

Leo usiku itoe kompyuta kwenye ekstensheni hiyo, ichomeke peke yake kwenye soketi nyingine ya ukutani, ikiwezekana ya chumba kingine. Friji nayo ichomeke ukutani moja kwa moja, haitakiwi kwenye ekstensheni hata kama kompyuta isingekuwapo. Shika plagi na soketi baada ya saa moja. Ikiwa ina joto au plastiki imegeuka kahawia, usiitumie tena, ita fundi aikaze.

Ukipata UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ya kuazima, tafuta iliyoandikwa AVR, yaani yenye kirekebisha volti. Hizo zinapandisha umeme mdogo bila kumaliza betri. Ila usiichomekee pasi wala printa ya leza.

---

MwalimuWaNgamiani

Wakuu, nimerudi na majibu, na nina furaha kwa kweli.

RAM: ufutio ulitoka mweusi kama masizi. Kipande cha kwanza kimepimwa kutwa nzima, safi. Cha pili hakikumaliza hata saa moja, mistari myekundu ikaanza kushuka. Nikakihamishia tundu la pili kama mzee alivyosema, mistari ikahama nacho. Kipande cha kwanza nikakiweka kwenye tundu lile la pili, safi tena. Matundu yote mawili ni mazima. Natumia GB 4 sasa, Chrome inaburuta nikifungua kurasa nyingi, lakini skrini ya bluu haijaonekana tena.

Umeme: karatasi inasema 200-240V. Nilipoihamishia soketi ya chumbani kuzima kulipungua, ila hakukuisha. Mwalimu mwenzangu ameniazima UPS yenye AVR. Jana saa mbili usiku nimekaa naiangalia. Friji ikaanza sebuleni, taa ikafifia, UPS ikalia ta! na namba yake ya umeme unaoingia ikasoma 181. Kompyuta ikaendelea. Mwanangu hata hakuinua kichwa, alikuwa anajibu maswali ya Jiografia.

Mtihani wa Darasa la Sita ulienda ofisini na mchoro wake, niliuchora upya.

Maswali mawili ya mwisho. UPS ni ya watu, nitairudisha. Ninunue UPS au pawa saplai? Na RAM nikanunue ya namna gani nisiuziwe mbovu nyingine?

---

Dogo_Makorora

Mwalimu hongera. Nimejifunza kitu hapa, ile ya kugeuza namba sikuijua kabisa. Nina mashine ya jirani ina 292 kila siku, nimegeuza nimepata 0x124. Mzee, hiyo ni nini?

---

Mzee wa Solda

Dogo, 0x124 ni WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, chuma chenyewe ndicho kinachoripoti kosa. Anza na joto na umeme wa prosesa, na kama mtu aliisukuma spidi kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) irudishe ilivyokuwa. Fungua mada yako, tuandikie saa na namba kama mwalimu alivyofanya, tutakusaidia.

Mwalimu, anza na UPS yenye AVR. Umeme wa mtaa wako hautabadilika kwa kubadilisha pawa saplai, na UPS itakupa dakika za kuhifadhi kazi umeme ukikatika kabisa. Pawa saplai ifuate baadaye mfuko ukiruhusu, na iwe ya 100-240V. Kabla ya kulipa, fungua kasha upige picha plagi zake zote na mahali inapofungwa skurubu, kwa sababu baadhi ya kompyuta za maofisini zina plagi za kwao wenyewe na ya dukani haiingii. Ile ya zamani mtu asiifungue hapo nyumbani, kapasita zake zinashika mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa. Watoto waambie.

RAM nenda na kile kipande kibovu mkononi. Ya kompyuta ya mezani aina ya DDR3 ina pini 240, ya laptopu ina 204 na ni fupi, hazibadilishani. Mwambie muuzaji unataka ruhusa ya kurudisha ndani ya wiki, aandike kwenye risiti. Asiyekubali, nenda duka la pili. Ukifika nyumbani usiianzie kazi: iwekee Memtest86+ peke yake kutwa nzima, kisha ikiwa pamoja na ile nzima, ndipo ufungue ripoti za wanafunzi.